Simulesheni ya chuma: kwenye maji kinaliwa kuliko kwenye tindikali. Nimekosea wapi wakuu?

#1 MsumariButu
Wakuu heshima kwenu. Nina siku kumi na moja silali vizuri kwa sababu ya kitu kimoja. Nimetengeneza kipande cha chuma kwenye LAMMPS, ile programu ya kuiga mwendo wa atomu, atomu kama 1,500 hivi, uso wa juu nimeuacha mtupu bila kutu wala nini, halafu juu yake nikamwaga molekuli 1,000 za maji. Hilo boksi la kwanza. Boksi la pili chuma kilekile, maji yaleyale, ila nimetia na tindikali ya haidrokloriki. Nguvu kati ya atomu natumia ReaxFF (seti ya namba inayoruhusu vifungo kuvunjika na kuundwa) ya chuma, oksijeni na haidrojeni, klorini nimeiokota kwenye faili jingine nikaunganisha. Kila boksi nimeliendesha pikosekunde 500, hatua moja ni robo femtosekunde, kwa hiyo hatua milioni mbili, kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga.

Sasa matokeo. Boksi la maji chuma kimeshika oksijeni kibao, tabaka mbili za juu zimevurugika kabisa unaona ukoko. Boksi la tindikali ukoko mwembamba, karibu nusu yake. Yaani kwa grafu yangu maji yanakula chuma kuliko tindikali! Nimerudia mara tatu kwa namba tofauti za kuanzia, jibu lilelile. Nilikuwa nataka nikimaliza hapa niende kwenye oksaidi zake, hematiti na magnetiti, lakini nitaendaje wakati hata chuma chenyewe kimenishinda. Nimekosea wapi?

#2 Zinduna
Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi njooni.

#3 BoltiNusu
Mkuu umetuficha kitu muhimu kuliko vyote, hiyo tindikali umetia molekuli ngapi? Maana watu wengi wakisikia "nimetia tindikali" hawapigi hesabu. Lita moja ya maji ina moli 55.5 za maji. Ukiwa na boksi la maji 1,000 ukatia ioni MOJA tu ya haidrojeni tayari uko kwenye moli 0.055 kwa lita, pH ya 1.3 hivi, hiyo ni tindikali ya kweli. Sasa piga kwenda upande wa pili: ukitaka pH 4 unahitaji maji laki tano na nusu kwa ioni moja. Ukitaka pH 7 ni maji milioni 555 kwa ioni moja. Kwa hiyo kwenye maboksi haya madogo hakuna kitu kinaitwa "tindikali kidogo", ni sifuri au ni kali. Kama umetia moja au mbili basi unachokiona ni kelele tu, moja imeangukia mahali pabaya basi.

#4 MzeeWaMaabara
Vijana mna haraka. Kijana hajakosea popote pengine. Someni historia. Mwaka 1836 Faraday na Schönbein waliandikiana barua kuhusu kitu hikihiki, unachukua chuma unakitumbukiza kwenye tindikali ya naitriki kali sana, hakiliwi! Kinakaa kimya kinang'aa. Ukiichanganya ile tindikali na maji ikawa nyepesi, hapo ndiyo kinachemka na kutoa moshi wa kahawia. Na ukikikwaruza kile kilichotulia kinaamka. Sababu yake ni utando mwembamba sana wa oksaidi unaokifunika. Kwa hiyo tindikali kukilinda chuma si ajabu. Ukoko mwembamba wa boksi la pili ndiyo kinga yenyewe hiyo.

#5 TabakaLaPili
Shikamoo Mzee #4, lakini hapana. Naitriki inakilinda chuma kwa sababu ni kioksidishaji, yenyewe inatoa oksijeni ya kutengeneza ule utando. MsumariButu katumia haidrokloriki. Hiyo haina uwezo huo, na kloridi ndiyo adui namba moja wa utando wa kinga, inautoboa. Huwezi kuchukua tabia ya naitriki ukampa haidrokloriki kwa sababu zote zinaitwa tindikali. Na kwa faida ya uzi, kabla ya Faraday kuna James Keir aliliona jambo hilo mwaka 1790, Faraday alikuja kulielezea baadaye.

#6 MzeeWaMaabara
Marahaba binti. Keir nakubali, nimemsahau. Lakini usiniwekee maneno mdomoni, sijasema haidrokloriki ni naitriki, nimesema tindikali KUKILINDA chuma si ajabu. Salfuriki je? Ya asilimia 98 inatunzwa kwenye matangi ya chuma cha kawaida miaka na miaka. Ichanganye na maji uone.

#7 TabakaLaPili
Ya salfuriki ni kweli, inatengeneza salfeti ya chuma inagandamana juu. Ila ikianza kupita kwa kasi kwenye bomba ule utando unachubuka na chuma kinaliwa. Bado si haidrokloriki Mzee wangu.

#8 MsumariButu
Asanteni. BoltiNusu nimetia 20. Na nilisahau kusema, joto nimeweka Kelvini 900 ili mambo yaende haraka.

#9 Zinduna
900 😳

#10 BoltiNusu
20 kwa maji 1,000 ni moli 1.1 kwa lita, pH karibu sifuri. Basi naondoa hoja yangu ya kelele.

Lakini ngoja kwanza. Kwenye tindikali chuma kinatoa elektroni mbili, ioni mbili za haidrojeni zinazipokea zinageuka gesi. Wewe una ioni 20. Hata zikifanya kazi zote bila kubaki, zitaondoa atomu 10 za chuma tu, kati ya 1,500. Baada ya hapo tindikali imekwisha, unabaki na maji yenye kloridi. Duniani chupa ya tindikali haiishi kwa sababu ya uso mdogo namna hiyo, kwenye boksi inakwisha mapema sana. Kwa hiyo ulitegemea uone nini? Atomu kumi zimezama ndani ya maelfu ya vifungo vya oksijeni unavyovihesabu. Mimi naweka kura yangu hapa.

#11 MvukeMkavu
Nyie mnahangaika na ioni wakati mtu kasema KELVINI 900!! Maji yana nukta yao ya mwisho, nyuzi 374, sawa na Kelvini 647. Ukishapita hapo hakuna tena kioevu wala mvuke, ni kitu kimoja cha ajabu katikati. Kelvini 900 ni nyuzi 627. Mkuu hujaiga chuma ndani ya maji, umeiga chuma ndani ya boila iliyopasuka.

Na chuma cha moto na mvuke ni habari ya zamani mno, Lavoisier miaka ya 1780 alikuwa anapitisha mvuke kwenye bomba la chuma lililowashwa likawa jekundu, anapata haidrojeni upande wa pili. Chuma kinanyang'anya oksijeni kwenye maji kinageuka magnetiti. Chuma 3, maji 4, unapata Fe3O4 moja na haidrojeni 4. Ndiyo ukoko wako huo. Na maji unayo 1,000, tindikali 20, kwa nini maji yasishinde? Kwa joto hilo kila molekuli ya maji ni mla chuma.

#12 Zinduna
Kwa hiyo ndugu yetu kachemsha chuma siku kumi na moja 😂😂

#13 MsumariButu
Cheka tu dada. Hv mnadhani sikujaribu Kelvini 300? Nilikaa siku nne naangalia maji yanacheza juu ya chuma. Mawili matatu yanavunjika pale yanapogusa uso mtupu, haidroksili inabaki imekaa juu ya chuma, basi, kimya. Kila mtu anayefanya mambo haya anapandisha joto au anaweka uga wa umeme, sikubuni mimi.

#14 HesabuTu
Wanapandisha ndiyo, ila ujue unachonunua na unacholipa. Hebu tupige hesabu kwa vidole.

Chuma kinacholiwa milimita 0.1 kwa mwaka, hicho mtu wa mabomba anakiangalia kwa wasiwasi lakini analala. Mwaka una sekunde milioni 31.5 hivi. Gawanya, unapata pikomita 3 kwa sekunde. Tabaka moja la atomu za chuma kwenye uso uliobanana zaidi lina unene wa pikomita 203. Kwa hiyo tabaka MOJA la atomu linaondoka kwa dakika moja. Dakika nzima! Wewe umeangalia pikosekunde 500. Dakika moja ina vipande kama hivyo bilioni 120. Sasa hata tindikali yako ikiwa inakula mara mia zaidi ya hapo, milimita 10 kwa mwaka, bado tabaka moja linachukua zaidi ya nusu sekunde, vipande zaidi ya bilioni moja.

Ndiyo maana Kelvini 300 hukuona kitu. Simulesheni yako ya kimya ndiyo iliyokuwa SAHIHI mkuu, ile uliyoitupa. Chuma duniani ndivyo kinavyoonekana kwa nusu nanosekunde, maji yanacheza tu.

#15 MsumariButu
Duh. #14 umenivunja moyo na umenifungua macho kwa wakati mmoja. Lakini bado swali langu halijajibiwa, kama joto limeharakisha vyote viwili, kwa nini limeharakisha maji kuliko tindikali?

#16 HesabuTu
Kwa sababu joto haliharakishi kila kitu sawasawa. Mmenyuko wenye kizuizi kirefu cha nishati unafaidika na joto kuliko wenye kizuizi kifupi. Kwenye Kelvini 300 njia ya tindikali ni rahisi na ya maji ni ngumu, ukipandisha joto ile ngumu inakimbia inaikuta rahisi na kuipita. Umebadilisha mshindi kwa mkono wako mwenyewe.

#17 MvukeMkavu
Ambacho ndicho nilichosema #11 kwa maneno machache.

#18 HesabuTu
Hukusema vizuizi, ulisema boila.

#19 TabakaLaPili
Jamani kabla hamjamaliza joto, naomba nimuulize mwenye uzi kitu kidogo. Kwenye grafu yako mhimili wa wima unaandika "kuliwa". Umepimaje kuliwa?

#20 MsumariButu
Nahesabu vifungo vya chuma na oksijeni. Vikizidi ndiyo kutu imezidi.

#21 TabakaLaPili
Nilijua tu 😅

Sikiliza. Kutu na kuliwa si kitu kimoja. Kwenye maji yasiyo na tindikali chuma kinachotoka kinageuka haidroksidi, oksaidi, kinabaki palepale juu kama ukoko wa wali. Kwenye tindikali kinachotoka kinayeyuka, kinaondoka na maji kama ioni, uso unabaki safi na unazidi kuwa mwembamba. Kwa hiyo ukihesabu vifungo vya oksijeni unahesabu UKOKO, na tindikali kazi yake ni kuondoa ukoko. Grafu yako imekwambia kweli ila umeisoma kinyume, ukoko mdogo upande wa tindikali ndiyo hali inayotarajiwa. Rudi kwenye faili zako, hesabu atomu za chuma zilizoachana na wenzake zikazungukwa na maji pekee. Hiyo ndiyo kuliwa.

#22 BoltiNusu
Aisee. Hapo nimekaa chini.

#23 MwanaKwanta
Nimechelewa ila mnamchosha kijana bure. Tatizo liko kwenye posti ya kwanza mstari wa nne: "klorini nimeiokota kwenye faili jingine nikaunganisha". Kaka hizo namba za ReaxFF hazikuwa kanga ambazo unaweza kukata pande hili ukashona na lile. Zote zinafundishwa kwa pamoja kutoka kwenye data moja, chuma na klorini kama hawajawahi kukutana kwenye mafunzo basi wanachofanya kwenye boksi lako ni maigizo. Na ReaxFF yenyewe ilizaliwa 2001 kwa ajili ya haidrokaboni, mambo ya chuma na maji yamekuja baadaye. Halafu haina elektroni. Chaji inagawanywa upya kila hatua kwa kusawazisha, inavuja kutoka atomu moja hadi nyingine hata zilizo mbali zisizogusana. Sasa kuliwa kwa chuma ni nini kama si safari ya elektroni? Fanya DFT, ile hesabu ya kwanta inayokokotoa elektroni zenyewe, acha mkato. Angalia chaji ya klorini zako, ikiwa haiko karibu na hasi moja utaniambia.

#24 HesabuTu
DFT ya atomu 1,500 na maji elfu moja? Ataoa na kuzaa kabla haijaisha. Ukiwa na DFT uko kwenye atomu mia mbili mia tatu na pikosekunde makumi. Tumetoka bilioni moja tunaenda mbali zaidi.

#25 MwanaKwanta
Sijasema akaige kuliwa kote, nimesema akapime vizuizi, kile ulichosema wewe mwenyewe #16, kimoja kimoja, halafu avipeleke kwenye Monte Carlo ya mwendo, simulesheni inayochagua tukio linalofuata kwa bahati nasibu na inaruka muda wa kimya. Huko sekunde na dakika zinafikika.

#26 MzeeWaMaabara
Na DFT nayo msiipigie magoti. Makadirio yake ya kwanza kabisa yalisema chuma tulivu kuliko vyote ni kile kisicho na sumaku na kisicho na mpangilio wake wa kawaida. Chuma! Kitu ambacho mtoto anakijua kwa sumaku. Yakarekebishwa. Halafu oksaidi ya FeO ambayo ni kihami, DFT ya kawaida inasema ni metali, mpaka uiongezee ile U, nyongeza ya kusukumana kwa elektroni, elektroni-volti kama nne hivi, ndiyo inatulia. Na kijana kasema baadaye anataka hematiti na magnetiti, huko ndiko atalia.

#27 MwanaKwanta
Mzee hapo sina la kubisha.

#28 BombaKuu
Salaam. Mimi si mtu wa atomu, ni mtu wa mabomba, na huwa nasoma nyuzi zenu nacheka. Hakuna aliyeuliza oksijeni iko wapi? Maji ya kawaida yana oksijeni iliyoyeyuka kama miligramu 8 kwa lita kwa nyuzi 25. Hiyo ndiyo inayokula chuma kwenye maji, si maji yenyewe. Bila oksijeni hakuna kutu.

Modeli yangu ni ya mstari mmoja, haina atomu hata moja. Oksijeni inasafiri kwenye maji yaliyotulia karibu na chuma, kasi ya usambaaji mita za mraba 2 kwa 10 kipeo hasi 9 kila sekunde, tabaka tulivu nimeweka nusu milimita. Unapata mkondo wa ampea 0.4 kwa mita ya mraba, yaani mikroampea 40 kwa sentimita ya mraba. Kwa chuma hiyo ni mikromita 0.46 kwa mwaka. Imeisha, kikokotoo cha simu kinatosha.

#29 HesabuTu
Mikroampea 1 kwa sentimita ya mraba ni mikromita 11.6 kwa mwaka kwa chuma. Zidisha 40 unapata mikromita 464, si 0.46. Ni MILIMITA 0.46. Umempa chuma chako umri wa milele.

#30 BombaKuu
Hahaha ni milimita, vidole. Asante. Ila hoja iko palepale, na angalia inavyoeleza kitu: pH haipo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana chuma kwenye maji yenye hewa, ukitoka pH 10 ukashuka hadi 4 kasi inakaa karibu palepale, anayeamua ni oksijeni inafika kwa kasi gani. Ukishuka chini ya 4 ndiyo haidrojeni inaingia kazini na kasi inapanda kama ukuta.

#31 BoltiNusu
Na kwa hesabu zangu za #3, miligramu 8 ni oksijeni moja kwa maji laki mbili na zaidi. Boksi la MsumariButu halina hata moja.

#32 MwanaKwanta
BombaKuu "bila oksijeni hakuna kutu" ni kauli ya kufundishia watoto. Fungua ramani ya Pourbaix, ile inayoonyesha kwa volti na pH kama metali inatulia au inaliwa. Chuma kwenye maji yenye ioni zake kidogo sana, sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita, mstari wake uko volti -0.62. Mstari wa haidrojeni kwa pH 7 uko -0.41. Chuma kiko chini yake. Maana yake kinaruhusiwa kuliwa na maji yenyewe bila oksijeni, ni suala la kasi tu.

#33 BombaKuu
"Ni suala la kasi tu" 😀 Mkuu kasi ndiyo kazi yetu sisi. Ramani ya Pourbaix inakwambia nyumba ina mlango, haikwambii kama kuna mtu atapita. Mlango wa chuma na maji matupu kwa joto la kawaida unafunguka kwa kusuasua.

Na niwape kisa. Mahali fulani nilipofanya kazi tulikuwa na mtu wa kompyuta alituletea picha za rangi nzuri, bomba letu lote lina rangi moja ya kijani, akasema linaliwa milimita 0.05 kwa mwaka kila mahali, tulale. Mwaka haukuisha tukapata tundu, dogo kama ncha ya kalamu, kando yake chuma kizima hata rangi ya kiwandani haijatoka. Modeli yake haikuwa na uwezo wa kutoboa, iliambiwa kuliwa ni kwa usawa basi ikawa kwa usawa. Toka siku hiyo nikiona picha ya kijani nauliza kwanza ni kitu gani hakikuruhusiwa kutokea humo ndani.

#34 MzeeWaMaabara
Hapo BombaKuu umegusa penyewe. Kuna jaribio la Evans la tone. Unadondosha tone la maji ya chumvi kwenye bati safi la chuma, ndani umetia vionyeshi viwili, kimoja kinageuka buluu kikikuta ioni za chuma, kingine kinageuka waridi kukiwa na alkali. Unakaa unaangalia. Mwanzo madoa yanatokea ovyo ovyo. Halafu polepole katikati ya tone panakuwa buluu na ukingoni pande zote panakuwa waridi. Ukingoni oksijeni inaingia kirahisi, inapokea elektroni pale. Katikati oksijeni imekwisha, chuma kinatoa elektroni pale. Na kutu yenyewe inakaa kama pete kati ya hizo mbili, yaani mahali ambapo chuma HAKILIWI zaidi. Chuma kinaliwa huku, oksijeni inanyonywa kule, kutu inaanguka katikati.

Sasa boksi la kijana lina upana gani?

#35 MsumariButu
Nanomita 3 kwa 3.

#36 MzeeWaMaabara
Tone langu lina milimita tano. Ndani ya nanomita tatu hakuna huku wala kule.

#37 Zinduna
Samahani wakuu swali la mtu wa pembeni. Kama tindikali inakula chuma mbona watu wanatumia tindikali KUONDOA kutu kwenye vyuma?

#38 TabakaLaPili
Swali zuri na ndiyo hoja yangu ya #21 kwa sura nyingine. Tindikali inayeyusha oksaidi, ndiyo unaona chuma kinang'aa. Ikimaliza kutu inaendelea na chuma chenyewe, usipokitoa unapoteza vyote. Fosforiki watu wanaipenda kwa sababu inaacha fosfeti ya chuma juu yake, ka-ulinzi fulani. Oksaliki inafanya kwa kuikamata ioni ya chuma na kuibeba, tena inasaidia kuigeuza chuma cha chaji tatu kuwa cha chaji mbili ambacho kinayeyuka kirahisi zaidi. Na ukishasuuza kausha haraka, uso mtupu ulioloa unapata kutu mpya ukiuangalia.

#39 Zinduna
Asante dada. Basi nimeamua kufanya simulesheni yangu ya glasi. Nina glasi tatu, moja maji ya bomba, moja siki, moja maji yaliyochemshwa nikafunika na mafuta juu hewa isiingie. Kila moja msumari mmoja. Nimeanza saa hii. Wa kwenye siki tayari unatoa vipovu vingi!! Mzee tindikali yako ya kinga iko wapi?

#40 BombaKuu
Msumari unang'aa kama fedha hivi, una kijivu kijivu?

#41 Zinduna
Eeh mpya kabisa.

#42 BombaKuu
Dada huo umepakwa zinki. Unaangalia zinki inaliwa, chuma chenyewe kimelala ndani.

#43 MvukeMkavu
😂😂😂 na yeye aliyemcheka mwenzake kuchemsha chuma

#44 Zinduna
Nakubali kipigo. Natafuta misumari myeusi isiyopakwa naanza upya.

#45 MsumariButu
Nimerudi. Nimefanya mliyonituma, kila mtu ajionee.

Nimehesabu upya kama TabakaLaPili alivyosema, atomu za chuma zilizoachana kabisa na wenzake. Boksi la maji: 0, 0, 0 kwa mara zote tatu. Boksi la tindikali: 3, 1, 0. Nimefuata tabia ya zile tatu, zote zimetoka kwenye kona ya kingo, hakuna iliyotoka katikati ya uso.

Nimeangalia chaji za klorini kama MwanaKwanta alivyosema. Nyingi ziko karibu na hasi 0.3, na tisa kati ya 20 zimeng'ang'ania kwenye chuma hazitoki, zimekaa pale ambapo maji yangekaa.

#46 TabakaLaPili
3, 1, 0 dhidi ya sifuri tatu. Nimeshinda 😌

#47 HesabuTu
Kwa atomu nne jumla? Na mara moja ni sifuri? Dada hiyo ni karata, si takwimu. Aendeshe mara thelathini.

#48 MwanaKwanta
Hasi 0.3 si kloridi, ni klorini iliyochanganyikiwa. Na tisa zimeziba nafasi za maji juu ya uso, ndiyo maana ukoko ni nusu! Wala si tindikali imeuyeyusha, ni maji yamekosa pa kukaa. Mimi ndiye nimeshinda.

#49 MzeeWaMaabara
Yaani kuna kitu kimekaa juu ya chuma kikazuia kisishambuliwe. Neno gani vile nililitumia #4? Kinga?

#50 TabakaLaPili
Mzee! 🤦🏾‍♀️

#51 BoltiNusu
Hata hivyo nne ziko chini ya dari yangu ya kumi, kwa hiyo hoja ya #10 haijafa. MsumariButu hebu angalia haidrojeni ngapi zimebaki kwenye maji mwishoni.

#52 MsumariButu
Sita tu zimebaki zinaelea. Nyingine ziko juu ya chuma zimejibandika moja moja, na gesi zimetoka molekuli mbili.

#53 BoltiNusu
Umeona, tindikali ilikwisha njiani. Ukitaka kitu cha maana tengeneza boksi linaloijaza upya, kila ioni ikitumika unatia nyingine.

#54 MvukeMkavu
Na yote haya bado ni Kelvini 900.

#55 MsumariButu
Nimeshusha 450, natafuta namba za ReaxFF ambazo klorini na chuma wamefundishwa pamoja, na nimechonga ngazi kwenye uso kwa vile zile tatu zilitokea kingoni. Inaendelea, inasema siku tisa. Feni imeanza kutoa sauti mpya sijaipenda.

#56 Zinduna
Mrejesho wa glasi, siku ya tano, misumari myeusi safari hii. Wa maji ya bomba una kutu ya machungwa na nyingine imeanguka chini kama unga. Wa mafuta uko safi kabisa kama nilivyouweka. Wa siki hauna kutu, ni mweusi mweusi umefifia, ila siki yenyewe imekuwa ya njano kama chai nyepesi. Kwa macho wa maji ndiyo umeliwa zaidi, sawasawa na grafu ya MsumariButu.

#57 TabakaLaPili
Hiyo njano ya siki ni msumari wako huo, uko ndani ya maji. Usiangalie, pima uzito!

#58 Zinduna
Nimepima kabla na baada. Mzani wangu unaanzia gramu 1. Kabla gramu 4, 4, 4. Baada gramu 4, 4, 4.